Kiwanda Kupunguza Kaboni Si Kupanda Miti na Kupiga Picha: Cheki Stori ya Mumias

Kama ushawahi kushuka Ekero, ile senta ya hapo Mumias, Kaunti ya Kakamega, hii picha unaijua. Trekta inakuja pole pole, nyuma imevuta trela imejaa miwa mpaka inamwagika, moshi mweusi unatoka kwa ekzosi, na kuna watoi wawili wanakimbia nyuma kuchomoa muwa mmoja wa kutafuna wakienda home. Nduthi zinapiga honi zipite. Dere wa trekta hana shughuli.

Shika hiyo picha vizuri, juu leo tunabonga kuhusu kitu makampuni hupenda kutuzungusha nayo: kupunguza nyayo za kaboni. Ushaona hayo matangazo. Bosi amevaa gambuti mpya, ameshika mche, camera ziko tayari, kando kuna bango lenye majani ya kijani. Mwaka ukiisha huo mche ushaliwa na mbuzi na kiwanda bado kinachoma mafuta ileile.

Sasa wacha nikuambie vile kiwanda hupunguza kaboni kwa ukweli, na mfano tunao hapa hapa, hatuhitaji kupanda ndege twende Ujerumani. Kuna wakati kiwanda cha Mumias kilikuwa kinatengeneza stima na makapi ya miwa, kinajitosheleza, na ingine kinauzia Kenya nzima. Halafu ikazima. Na haikuzima juu teknolojia ilikuwa mbaya. Hapo ndipo utamu na uchungu wa hii stori ulipo.

Kwanza, hizo nyayo ni nini?

Fikiria kila kitu kiwanda kinafanya kinachorusha hewani gesi ya kaboni na wenzake, zile zinazofunika dunia kama blanketi joto likose pa kutokea. Ukijumlisha zote, hizo ndizo nyayo za kaboni za hicho kiwanda. Wahesabu wanazigawa mafungu matatu.

La kwanza ni chenye unachoma mwenyewe ndani ya compound: mafuta ya boila, dizeli ya jenereta, gari za kampuni. La pili ni stima unayonunua. La tatu ni vitu zingine zote ambazo si zako lakini zinafanyika juu yako: fatalaiza kwa shamba la mkulima, trela ya kontrakta iliyoleta mzigo, lori iliyopeleka bidhaa Nairobi, karatasi ya kufungia, hata takataka baada ya mteja kumaliza kutumia.

Sasa skiza, hapa wengi hubebwa ufala. Stima ya Kenya tayari ni safi kuliko ya nchi nyingi. Karibu asilimia 90 hutoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mito, upepo na jua. Kwa hivyo kiwanda kikiweka sola kwa paa na kuita waandishi wa habari, ni poa, bili itashuka. Lakini kwa kaboni, mara nyingi kimeshika fungu dogo kati ya yote matatu. Viwanda vyetu vingi havina shida kubwa kwa swichi. Shida iko kwa joto, yaani ile moto ya kuchemsha, kukausha na kuyeyusha vitu, na kwa barabara.

Lita moja ya dizeli ikichomwa inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni. Najua inashtua, lita yenyewe haifikishi hata kilo moja kwa mzani. Uzito mwingine unatoka kwa oksijeni ya hewani inayoshikana na ile kaboni ikiungua. Kwa hivyo ile trekta yetu ya Ekero, tuseme inameza lita 40 kwa siku, jioni imeacha kilo 108 hewani. Moja tu. Wakati msimu umeshika, hesabu trekta ngapi zinapita hapo stage ukingoja samosa.

Bagasi: takataka iliyokuwa dhahabu

Kampuni ya sukari ya Mumias iliundwa 1971, sukari ya kwanza ikatoka 1973. Kwa miaka mingi ndio ilikuwa jogoo wa sukari nchi hii. 2001 ikaingia soko la hisa la Nairobi, na kuna wazee huku bado wana cheti za hisa wameficha chini ya kitanda. Hiyo ni stori ya siku ingine, na ni ya machozi.

Muwa ukipita kwa kinu unabaki na makapi. Wenyewe wanayaita bagasi. Ukiponda tani 100 za miwa, karibu tani 30 ni bagasi, na nusu ya hiyo bagasi ni maji. Sasa hiyo nyasi yote unaipeleka wapi? Ukiirundika nje inashika moto yenyewe ama inaoza. Na ikioza ndani ndani bila hewa inatoa methani, gesi ambayo kwa muda wa miaka 100 inashika joto karibu mara 28 kuliko kaboni yenye uzito sawa. Kwa hivyo kuiacha tu hapo haikufanyi msafi.

Dawa ni kuichoma, lakini kwa akili. Viwanda vya sukari huchoma bagasi tangu zamani, ila vingi hutumia boila za presha ya chini, za kazi ya “hii takataka iishe.” Mumias ikafanya kitu tofauti. Ikaweka boila ya presha ya juu na turbaini kubwa, mradi ukaanza kazi 2009. Uwezo wake ulikuwa megawati 38, na karibu megawati 26 kati ya hizo zilikuwa za kuuzia gridi ya taifa.

Inafanya aje? Boila inachemsha maji mpaka mvuke unakuwa na presha kali sana. Huo mvuke unaingia kwa turbaini, unaizungusha, stima inatoka. Lakini mvuke ukimaliza hiyo kazi bado ni moto, umepoteza presha tu. Hautupwi. Unapelekwa kwa masufuria makubwa ya kuchemshia juisi ya muwa mpaka ikuwe sukari. Mvuke mmoja, kazi mbili. Ni kama mathe anapika chapati, halafu makaa yaliyobaki anabandika maharagwe ya kesho. Presha ikiwa juu mwanzoni, stima unayopata kwa kilo moja ya bagasi inaongezeka sana, na masufuria bado yanapata joto yao.

Nishasikia mtu akiuliza, na ni swali poa: si bado ni moshi? Kuchoma bagasi si kunatoa kaboni? Inatoa, tena mingi. Tofauti ni ilikotoka. Muwa wa huku magharibi hukaa shambani kama miezi 18 hivi kabla ya kukatwa, na muda wote huo unavuta kaboni kutoka hewani kujenga mwili wake. Ukiuchoma, unarudisha ileile uliyoazima juzi. Dizeli inarudisha kaboni iliyozikwa mamilioni ya miaka kabla babu wa babu yako azaliwe. Moja ni kuzungusha ganji ndani ya chama, ingine ni kuleta deni mpya kwa nyumba.

Hiyo hesabu ina masharti lakini. Lazima miwa ipandwe tena. Lazima isiwe ulifyeka msitu ndio upate shamba la miwa. Na kaboni kuwa sawa haimaanishi kifua kiko sawa: lile jivu jeusi linaloangukia nguo kwa kamba ni tatizo la afya, na linahitaji vichujio kwa chimni. Kampuni ikikuambia “sisi ni kijani” na mtoi wako anakohoa, hizo ni vitu mbili tofauti. Uliza zote mbili.

Mradi wa Mumias ukasajiliwa 2008 chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa ulioitwa Clean Development Mechanism, ule wa Mkataba wa Kyoto. Mpango ulikuwa hivi: stima ya bagasi ikiingia kwa gridi, jenereta za mafuta zinapumzika kidogo, na ile kaboni ambayo haikutoka inahesabiwa na kuuzwa kwa nchi tajiri zenye madeni ya moshi. Makadirio ya mradi yalikuwa karibu tani 130,000 kwa mwaka. Senta ndogo kama zetu, Mumias, Shibale, Ekero, zikawa kwa ramani ya biashara ya kaboni hata kabla wengi wetu hatujajua kuna kitu kama hiyo.

Halafu 2012 wakaongeza kiwanda cha ethanoli, chenye uwezo wa lita milioni 22 kwa mwaka, kinachotumia molasi, ile uji nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa. Angalia hiyo cheni: juisi inakuwa sukari, makapi yanakuwa stima, molasi inakuwa ethanoli. Kwa karatasi, huwezi pata kiwanda kisafi zaidi ya hicho.

Kwa nini ikazima?

Turbaini haili ahadi. Inakula bagasi. Bagasi inatoka kwa miwa. Na miwa inatoka kwa mkulima wa hapa Ekero, Matungu, Butere, mtu mwenye ekari mbili, watoto wanne na fee ya shule.

Mkulima akipeleka miwa leo na alipwe baada ya mwaka, ama asilipwe kabisa, atafanya nini? Anafanya kile hata wewe ungefanya. Wengi wakang'oa miwa wakapanda mahindi. Wengine wakauzia viwanda vingine vyenye vililipa haraka. Wengine wakapeleka kwa vinu vidogo vya sukari nguru. Miwa ikapungua, kinu kikakosa cha kuponda, madeni yakapanda mpaka kwa shingo. Septemba 2019 benki ya KCB ikaweka meneja mrasimu. Mwisho wa 2021 kampuni ya Sarrai kutoka Uganda ikapewa kukodisha mali ya kiwanda kwa miaka 20, na kesi zikafuatana kortini moja baada ya nyingine.

Sitaki kukudanganya ati malipo pekee ndio yaliangusha Mumias. Kulikuwa na madeni, usimamizi, sukari ya magendo kutoka nje, siasa, vitu mob. Lakini kama tunaongea kaboni, hapa ndio najua wataalamu wengi wa mabango hurukia. Kuchelewesha pesa ya mkulima ni moshi. Hebu tuihesabu.

Kiwanda kikikosa miwa ya karibu, kinatafuta ya mbali. Trekta iliyokuwa inatembea kilomita 10 sasa inatembea 40 kuleta tani zilezile. Dizeli mara nne. Huku kwetu kuna wakati trela za viwanda tofauti zinapishana barabarani, hii inatoa miwa kwa jirani wa kile kiwanda, na ile inatoa kwa jirani wa hiki. Noma.

Tena muwa una saa. Ukishakatwa unaanza kupoteza sukari, na inafaa ufike kwa kinu ndani ya siku moja ama mbili. Ukilala shambani siku tano juu trela haikuja, ama trela ililala kwa matope ya barabara mbovu, unafika ukiwa kuni. Uzito umebebwa, dizeli imeisha, sukari hakuna. Ule ambao ulipitisha wakati wa kukatwa, ukasimama shambani miaka miwili na nusu, ni hadithi hiyohiyo. Kaboni kwa kila kilo ya sukari inapanda, na hakuna mtu alichoma kitu kipya.

Na kinu kikisimama simama, leo kinaponda, kesho kimezima juu miwa imeisha, boila inapoa. Kuiwasha upya kunataka kuni ama mafuta mazito. Mashine kubwa haipendi maisha ya kuwaka na kuzima. Kwa hivyo meneja akiniuliza aanze wapi kupunguza kaboni ya kiwanda cha sukari, namwambia aanze kwa ofisi ya malipo. Najua hiyo haitakaa poa kwa bango.

Sawa, na ndani ya kiwanda?

Kwanza upime. Huwezi punguza kitu hujui kinatokea wapi. Mita kwa kila boila, kitabu cha dizeli ya kila gari, tani za fatalaiza zilizotoka stoo. Chagua mwaka mmoja uwe mwanzo, halafu uache kuubadilisha kila ukiona umefeli.

Baada ya hapo fukuza mvuke unaopotea. Hii ndio kazi ya bei rahisi na ndio hupuuzwa zaidi, juu haina sherehe. Tembea ndani ya kiwanda chochote cha zamani utasikia “ssss” kila kona. Hiyo ni pesa inatoroka. Ni valvu imechoka, gaskiti imekatika, bomba liko uchi. Bomba la mvuke linafaa kuvalishwa, kama vile unavyomvalisha mtoto sweta Limuru, ndio joto lisiishie njiani. Mvuke ukimaliza kazi unageuka maji moto. Hayo maji yarudi kwa boila, usiyamwage kwa mtaro halafu uanze kuchemsha mengine baridi. Hata bagasi yenyewe, ukiikausha kidogo na hewa moto inayotoka kwa chimni kabla ya kuichoma, unapata moto zaidi kwa mzigo uleule, juu huichomi tena kukausha maji yake.

Mota nazo. Viwanda vingi vimeweka mota kubwa kuliko kazi, inakimbia kasi ileile mchana na usiku, mzigo uwe mkubwa ama mdogo. Kuna kifaa cha kupunguza kasi kulingana na kazi. Na hewa ya kompresa inayovuja ni wizi wa stima wenye huwezi ripoti polisi.

Maji machafu ya ethanoli sasa, hapo usicheze. Ukitengeneza lita moja ya ethanoli kwa molasi unabaki na lita nyingi za maji meusi, yananuka, yamejaa sukari iliyokufa. Ukiyaacha kwa dimbwi wazi yanatoa methani siku nzima. Na huku mto wetu ni Nzoia, watu wanachota, ng'ombe wanakunywa. Ukiyafungia kwa tangi kubwa lisilo na hewa, vijidudu vinayala na kutoa biogesi, unairudisha kwa boila, na kinachobaki ni mbolea. Ilikuwa aibu, sasa ni kuni.

Tutoke nje kidogo, twende shambani, juu fungu la tatu liko huko na ndilo linene. Fatalaiza ya naitrojeni ukiimwaga zaidi ya chenye muwa unaweza kula, ile inayobaki vijidudu vya udongo vinaigeuza gesi ya naitrasi oksaidi. Hiyo inashika joto karibu mara 270 kuliko kaboni. Mara 270, buda! Kwa hivyo kupima udongo kabla ya kumwaga magunia kunaokoa doo ya mkulima na hewa pia. Kinu chenyewe kina mbolea ya bure: yale matope yanayobaki juisi ikichujwa, na jivu la boila. Trekta inayorudi shambani tupu kufuata miwa inaweza kuyabeba. Safari ilikuwa inafanyika hata hivyo.

Kuna pia ile kuchoma shamba la miwa ndio wakataji wapate njia rahisi. Naelewa, majani yanakata mikono na kuna nyoka. Lakini ukiichoma unapoteza majani ambayo yangefunika udongo yashike maji, na unarusha masizi kwa kijiji kizima. Kukata bila kuchoma ni kazi ngumu zaidi, kwa hivyo mkataji alipwe zaidi. Tumerudi kwa ofisi ya malipo, si ndio?

Kama kiwanda chako si cha sukari

Kila kiwanda kina ugonjwa wake, usikubali dawa moja ya wote. Majani chai hula kuni kukausha majani mabichi, kwa hivyo swali ni kuni imetoka wapi na inapandwa kwa kasi gani. Upande wa stima, KTDA ilijenga vituo vidogo vya stima ya maji karibu na viwanda vyake, kama kile cha Mto Gura kule Nyeri.

Simiti ni kichwa ngumu. Hata ukichoma kitu safi namna gani, lile jiwe la chokaa lenyewe likipata moto linatoa kaboni, iko ndani ya jiwe. Njia ya haraka ni kupunguza klinka, yaani lile jiwe lililochomwa, na kuchanganya vitu kama pozolana, udongo wa volkeno ambao Kenya imebarikiwa nao. Chuma nayo, kuyeyusha vyuma kuukuu kwa stima yetu hii ya Olkaria ni safi mara nyingi kuliko kuanza na mawe na makaa ya mawe. Kwa hivyo yule jamaa wa kuzungusha mkokoteni akisema “vyuma kuukuu” anafanya kazi ya kaboni kuliko meneja wengi, na hajui.

Utajuaje unapigwa sound?

Kampuni ikisema imepunguza kaboni, uliza imepunguza kwa jumla ama kwa kila bidhaa. Unaweza kupunguza kwa kila kilo na bado ukaongeza jumla juu umezalisha mara mbili. Zote ni namba za ukweli, lakini wanakuonyesha moja. Uliza mwaka wa mwanzo ni upi. Uliza kama lile fungu la tatu limo ndani ya hesabu, juu wakisema “shughuli zetu” mara nyingi wamewaacha nje wakulima na malori. Na uliza kama walipunguza wenyewe ama walinunua cheti za kaboni kutoka msitu wa watu wengine.

Hizo cheti zina upande wako pia. Kenya ilibadilisha sheria yake ya tabianchi 2023. Mradi wa kaboni unaotumia ardhi ya umma ama ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na wenyeji: miradi ya ardhi yenyewe, kama misitu na kilimo, itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii kila mwaka, na isiyo ya ardhi asilimia 25. Gharama hutolewa kwanza, kwa hivyo ni vizuri mtu wa jamii ajue kusoma hesabu za gharama. Lakini cheki hapo kwa maneno “ya umma ama ya jamii.” Shamba la mbuyu wako Ekero lenye title yake si ardhi ya jamii. Kampuni ikija na fomu ya kuuza kaboni ya miwa yake, hiyo asilimia haimlindi, kinachomlinda ni mkataba aliosaini. Kabla aweke kidole, msomee. Wewe ndio una simu na umesoma.

Kitu ingine watu hawajui: tangu 2012 kuna kanuni za kawi zinazosema kiwanda kinachotumia stima nyingi kifanyiwe ukaguzi wa kawi angalau kila miaka mitatu, na nusu ya akiba iliyoonekana kwa ukaguzi lazima itekelezwe. Mamlaka ya EPRA ndiyo inasimamia na ndiyo inapatia wakaguzi leseni. Kwa hivyo ile mivuke ya “ssss” inafaa kuwa imeandikwa kwa ripoti mahali. Ukiwa atachee kwa kiwanda chochote, ama kibarua, uliza iko wapi. Ukiambiwa haiko, ushapata jibu.

Na kama uko mtaani hujui ufanye kozi gani, kupima hizi vitu ni kazi. Kuna mtu analipwa kutembea na kifaa anasikiliza bomba. Kuna mwingine anahesabu kilomita za trela na kupanga nani akate Jumatatu na nani Alhamisi, ndio trela zisikutane tupu pale Ekero, moja ikienda Mumias, ingine ikitoka, zote zikitoa moshi na hakuna hata muwa mmoja wa watoi kuchomoa.